Bahasha ya Kusi

Ndugu wanachama wa Siyu, mwenye mshahara wa mwezi aweza kugawa fedha zake mara moja: bahasha ya chakula, ya shule, ya mafuta, basi. Sisi wavuvi na mafundi wa ngozi hatulipwi kwa kalenda. Wakati wa kaskazi fedha huingia. Kusi ikianza, tangu Aprili hivi, bahari huchafuka, na wageni wanunuao viatu vyetu hupungua Lamu. Hapo ndipo daftari la dukani hufunguliwa, tukala unga kwa samaki ambao hatujawavua.

Kwa hiyo bahasha yetu ya kwanza ni ya kusi. Kila siku ya mauzo, kabla ya kununua chochote, katika kila shilingi 1,000 tutie humo 200. Akae nayo mama wa nyumba, kwani yeye ndiye apikaye miezi hiyo. (Karatasi huliwa na panya, kopo la maziwa lafaa zaidi.) M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, yatufaa kupokea fedha, lakini tuzitoe kwa pamoja, maana kila kutoa kuna ada.

Bahasha ya shule isikopwe. Ya chakula ikiisha mapema, tule muhogo mpaka mauzo mengine.