Shahada na Deni la Kihagara

Wiki hii tuzungumzie elimu ya juu, na nitauliza swali moja tu. Kanisa linapoanzisha chuo kikuu, chuo hicho kinapaswa kutofautiana na vingine kwa lipi? Je, ni kwa msalaba ulioko langoni na sala ya asubuhi, au kuna jambo zaidi?

Ili tusizungumze hewani, twendeni Kihagara. Kihagara iko kando ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, katika wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga. Watu wa mwambao ule huvua usipa na hulima mihogo. Mzazi wa huko akitaka kumsomesha mwanawe chuo kikuu, nauli na ada hutoka kwenye wavu na jembe. Basi mzazi huyo ana haki ya kuuliza: fedha yangu imenunua nini?

Mwambao huo una historia ambayo wengi wetu wa mjini hatuijui. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawahimiza wasomi waje Afrika. Kutokana na wito huo ilizaliwa misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile iliyojulikana kwa herufi za UMCA. Mmoja wa watu wake, William Percival Johnson, alisoma Oxford, akafanya kazi kando ya ziwa hilo kwa zaidi ya miaka 40, na akafia Liuli, kwenye mwambao huo huo, mwaka 1928. Meli yao, Chauncy Maples, ilishushwa majini mwaka 1901, ikawa zahanati na shule juu ya maji.

Siwasifu kupita kiasi. Wamisionari wengine walidharau mila za wenyeji, na katika karibu miaka yote ya ukoloni Tanganyika haikupata chuo kikuu hata kimoja. Kile cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru. Lakini jambo moja tuwape haki yao: mtu mwenye shahada ya Oxford aliamini kwamba shahada hiyo inamdai. Hakuiona kuwa ngazi ya kuwakimbia watu.

Huo ndio msingi wa mtazamo wa Kikristo juu ya elimu. Akili ni talanta tuliyokabidhiwa, na Mwenyewe atakuja kuuliza tumeifanyia nini. Msikilizaji Mwislamu ataliita jambo hilo amana, wala hatutagombana.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kwenda misa, alilisema kwa mfano katika miaka ya 1960. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujenga taifa, aliwarudisha nyumbani karibu 400. Wengi wanakumbuka ukali huo. Wachache wanakumbuka kwamba alipunguza pia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 mlango wa vyuo binafsi ulifunguliwa, na makanisa yakaingia. Walutheri walianzisha Tumaini. Wakatoliki walikuza chuo cha Nyegezi, Mwanza, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Waanglikana wakafungua St. John's, Dodoma, mwaka 2007. Vyuo hivyo vimetoa walimu, wanasheria na waandishi wengi, na tunashukuru.

Lakini jina la mtakatifu halitoshi. Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu ilifuta kibali cha chuo cha St. Joseph kilichokuwa Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Fikirieni mzazi wa mwambao, aliyefurahi kwamba hatimaye chuo kikuu kimesogea mkoani kwake! Jina la Mungu likiandikwa langoni, mzazi huamini haraka zaidi. Kwa hiyo dhambi ya kumfundisha mwanawe vibaya ni kubwa zaidi.

Sasa tazameni mfano mwingine. Milimani juu ya ziwa, Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa mteremkoni kuzuia maji yasichukue udongo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, walikwenda huko kujifunza kwa wakulima wenyewe. Baadaye, katika kijiji cha Kindimba, kikajengwa kinu cha kusagia kinachoendeshwa na maji. Sokoine ni chuo cha serikali, hakina msalaba langoni. Lakini msomi aliyekaa chini kumsikiliza mkulima alikuwa karibu na Injili kuliko mhadhiri Mkristo anayeuza alama.

Mtaniambia: vijana wanahitimu na kazi hakuna, warudi Kihagara kufanya nini? Hoja hiyo ni ya kweli, na kijana asilaumiwe kwa kukosa ajira. Wala kulipa deni si lazima kurudi kuishi kijijini. Daktari wa Muhimbili asiyedai rushwa analilipa. Mhandisi anayekataa kuidhinisha daraja bovu analilipa. Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake mwenyewe, badala ya kununua ya mwenzake, ameanza kulilipa.

Kwa maaskofu na wachungaji nasema hivi: kabla ya kufungua chuo kipya, hesabuni walimu na vitabu kabla ya kuhesabu ada. Heri chuo cha ufundi kinachofundisha kweli kuliko chuo kikuu cha jina.

Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina orodha ya wadaiwa wake na inawafuata. Kihagara haina orodha. Inategemea dhamiri yetu tu, na kuijenga dhamiri hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chuo kinachojiita cha Kikristo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.