Kibao cha Mbele cha Motokaa si Pambo



Tangu mwaka 2021, mashindano ya Safari Rally yaliporudi katika ubingwa wa dunia baada ya kukosekana kwa miaka 19, mji huu wa Naivasha umepokea motokaa za wageni kwa wingi. Nyingi huja zimepambwa kwa bendera na rangi za kila namna, na katika hayo hapana ubaya wo wote. Ubaya huanza pale mwenye motokaa aing'oapo namba ya mbele akatia mahali pake kibao cha mapambo, chenye jina lake, au chama chake, au picha ya simba. Watu kadha wa kadha hudhani kwamba maadamu namba ya nyuma ipo, sheria imetimizwa. Sivyo.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1953, yataka motokaa ichukue vibao vya namba mbele na nyuma, vya namna na rangi iliyoamriwa. Kwa motokaa za kawaida cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha manjano, na maandishi ni meusi. Vibao hivyo hutengenezwa katika gereza la Kamiti, na vile vya namna mpya, vilivyoanza kutolewa mwaka 2022, vimetiwa alama za kuzuia kughushi. Anayependa mno kuliona jina lake mbele ya motokaa anayo njia ya halali: aombe namba ya pekee kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Ada yake, kusema kweli, si ya mtu mnyonge.

Dhana hii ya namba moja huenda imetoka Marekani. Huko kila jimbo lina amri yake. Florida, Pennsylvania na Michigan zataka namba ya nyuma tu, basi mbele hubaki wazi, na watu hutundika jina la timu ya mpira au la chuo walichosoma. Lakini huko huko Marekani, California na Texas zataka namba zote mbili. Ndugu aliyeko ng'ambo akileta kibao cha namna hiyo kuwa zawadi, na kipokewe kwa shukrani, kisha kitundikwe ukutani sebuleni.

Yafaa kuuliza, namba ya mbele ni ya nani hasa? Na itazamwe barabara ya Moi South Lake kabla ya mapambazuko, wafanya kazi wa mashamba ya maua wanapokwenda zamu, wengine kwa miguu, wengine kwa baisikeli. Motokaa yatoka nyuma kwa kasi, yamwangusha mtu, nayo yaenda zake. Aliyeangushwa hakuona kitu. Mwenziwe anayekuja kutoka upande wa pili aliiona motokaa ikimjia. Alichokiona ni uso wake, na muda wa kuisoma ni sekunde chache tu.

Akiisoma namba, mambo mengi hufuata. Polisi huiandika katika taarifa yao. Daftari la usajili humtaja mwenye motokaa. Tena hujulikana kampuni ya bima, kwa kuwa sheria yamlazimisha kila mwenye motokaa kuikatia bima kwa ajili ya watu inaowadhuru barabarani. Akisoma picha ya simba, hapana la kufuata. Gharama ya hospitali huwaangukia jamaa, nao huuza ng'ombe, au mtoto hukaa nyumbani bila karo.

Hata motokaa za mashindano zipitapo katika barabara ya watu wote hushika sheria ya barabara. Namba ya mashindano hubandikwa mlangoni, wala haichukui mahali pa namba ya usajili.

Kibao kikipotea au kuvunjika, mwenyewe apige ripoti kwa polisi, kisha aombe kingine. Kuandika namba juu ya karatasi ngumu kwa kalamu ya wino si dawa. Matope nayo yafutwe, hasa baada ya kutoka Kedong wakati wa mvua.

Naye aliyeshuhudia ajali na aiandike namba papo hapo, hata kiganjani. Asipoiona yote, herufi tatu za kwanza pamoja na rangi ya motokaa zapelekwa kwa polisi hivyo hivyo.