Stendi ya taa na projekta: usalama wa watu kwanza

Maneno tuliyoyatoa Bugarama mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili

 

Leo tumeombwa tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, yaani stendi ya chuma tunayoitembeza vijijini, ile inayopandishwa kwa kuzungusha mpini. Juu yake tunafunga projekta na taa, na jioni watu wanaona filamu za afya: hatari ya zebaki wanayochoma wachimbaji wadogo, vumbi la mawe linaloharibu mapafu, kifua kikuu na UKIMWI.

Kazi hii haikuanza na sisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni lilisimamia mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zilitembezwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine jirani. Tangu wakati huo vyombo vimebadilika sana, lakini watu wanakaa vilevile: watoto mbele kabisa, chini, karibu na vyombo. Kwa hiyo chombo kikianguka, kinawaangukia watoto.

Tunalisema hili kwa uchungu. Kiangazi kilichopita, kwenye uwanja wa mnada wa kijiji kimoja, stendi yetu ilianguka. Tulikuwa tumefunga shuka la kuonyeshea kwenye stendi hiyohiyo ya taa ili tusikodi nguzo nyingine. Mguu mmoja tuliukunja nusu ili kuacha njia ya pikipiki. Mifuko ya mchanga ilibaki ndani ya gari. Kimbunga cha vumbi kilipita, na kijana mmoja akaumizwa bega. Tunamshukuru Mungu kwamba amepona, na matibabu tulilipa sisi. Mama mmoja alituuliza tunawezaje kuwafundisha wachimbaji kuegemeza kuta za duara kwa magogo, wakati sisi wenyewe tumeshindwa kuegemeza nguzo moja. Hatukuwa na jibu.

Baada ya hapo tulikaa chini tukapiga hesabu. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unalisukuma shuka la mita 3 kwa 2 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Shuka lile lilikuwa tanga, na stendi yetu ikawa mlingoti wa jahazi lisilo na nanga.

Kwa hiyo tumekubaliana taratibu zifuatazo, nasi tunaziomba kamati zote zizisimamie.

Kwanza, mahali. Stendi isisimamishwe karibu na maduara ya zamani, kwa sababu ardhi yake inaweza kutitia. Isisimamishwe chini ya nyaya za umeme wala karibu nazo, kwani bomba la chuma linapitisha umeme. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kila mguu uwekewe kipande cha ubao mpana ili usizame.

Pili, miguu. Miguu yote ikunjuliwe hadi mwisho na kufungwa kwa pini, nguzo isimame wima, na kila mguu uwekewe mfuko wa mchanga kabla hatujapandisha chochote. Pikipiki zitafutiwe njia nyingine.

Tatu, mzigo. Kila stendi imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Tujumlishe uzito wa projekta, taa, vyuma vya kufungia na nyaya, na jumla ibaki chini ya uzito huo. Vifaa vifungwe stendi ikiwa bado chini, uzito ukiwa sawa pande zote mbili. Pamoja na bolti zake, kila taa na projekta iwe na waya wa chuma wa akiba, ili bolti ikilegea kifaa kisifike chini. Shuka liwe na nguzo zake lenyewe.

Nne, mpini. Anayezungusha awe mmoja, na mwingine aangalie juu. Kabla ya kupandisha, waya wa winchi ukaguliwe. Ukiwa na nyuzi zilizokatika, hakuna onyesho. Bomba likifika juu, pini yake ifungwe, kwa maana winchi peke yake haitoshi. Wakati wa kupandisha na kushusha, mtu yeyote asipite chini yake.

Tano, uzio. Stendi ya mita 4 izungushiwe kamba kwa umbali wa mita 5 kila upande, na watoto wasiingie ndani ya kamba hiyo. Nyaya za jenereta zipite nyuma ya watu, na umeme upitie kifaa kinachoukata wenyewe unapovuja.

Sita, hali ya hewa. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi. Tukisikia ngurumo, tunazima jenereta, na watu wote wanaondoka uwanjani kwenda ndani ya nyumba imara. Stendi ishushwe mapema, mawingu yanapoanza kujikusanya, maana ngurumo ikisikika tumeshachelewa kushika chuma. Upepo ukianza kuvuta shuka kwa nguvu, tunashusha vilevile.

Sasa tuna maombi mawili.

Kwenu wajumbe wa kamati: kila parokia ichague watu wawili tutakaowafundisha kazi ya stendi. Wapewe mamlaka ya kusimamisha onyesho bila kumwomba mtu ruhusa, hata kama mgeni wa heshima ameshakaa kitini.

Kwenu wafadhili wetu: taarifa zetu za kila robo mwaka zimekuwa zikihesabu maonyesho yaliyofanyika. Tunakiri kwamba siku ile tuliona dalili za upepo, lakini tuliogopa kuandika kwamba tumeahirisha. Tunaomba onyesho lililoahirishwa kwa ajili ya usalama lisihesabiwe kuwa kazi iliyoshindikana. Tunaomba pia sehemu ya fedha za filamu mpya itumike kununua nguzo za shuka, nyaya za akiba, na taa za LED, ambazo hazipati joto kama zile za zamani. Huenda robo hii tukafika vijiji vichache zaidi. Tumeona heri iwe hivyo.

Yule kijana alirudi kutazama filamu mwezi uliofuata. Alikaa nyuma kabisa, mbali na stendi. Tungependa siku moja tumwone amesogea mbele bila hofu.