Kabla ya Droni Kuruka, Tukae Chini Kwanza

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na kikundi cha vijana, Upper Hill, Nairobi)



Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki leo si kwa kazi ya ulinzi au usafi kama siku nyingine, bali kwa ajili ya mkutano wetu: karibuni. Tuliombwa tuseme jambo juu ya droni, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani. Mnajua chanzo chake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, vijana wetu walisema hivi: kila mvua tunazibua mitaro kwa kubahatisha. Maji yanateremka Kibera kuelekea Bwawa la Nairobi, na hakuna anayejua vizuri yanakwama wapi. Tukiipiga picha mitaro yote kutoka juu, tutajua pa kuanzia. Mfadhili mmoja akasikia, akaahidi kutupatia droni.

Sisi wa ofisi ya maendeleo si wahandisi. Kazi tuliyosomea ni ya kukaa na watu. Lakini tulikaa na vijana Jumamosi tatu mbele ya kompyuta, tukajifunza kuipangia droni safari. Bado haijaruka hata mara moja. Makosa yote tutakayowasimulia yalitokea mezani, na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

VITUO VYA ANGANI

Wengi hudhani droni lazima iongozwe kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Inaweza kwenda yenyewe ikipewa vituo. Fikirieni matatu. Inatoka steji ya kwanza, inapita ya pili na ya tatu, mpaka mwisho wa njia. Droni nayo hupewa orodha ya vituo, na kila kituo kina namba zake: latitudo, longitudo, urefu kutoka chini, mwendo, na kazi ya kufanya hapo, kwa mfano kupiga picha. Inasikiliza setilaiti kujua iko wapi, kisha inafuata orodha.

Lakini matatu ina dereva wa kukwepa shimo na makanga wa kupiga kelele. Droni ndogo haina makanga. Nyingine zina macho ya kuona kizuizi kilicho mbele, lakini hakuna inayojua kwamba pale chini kuna mazishi au watoto wanacheza. Inafanya kile ulichoandika. Kwa hiyo kazi kubwa haiko siku ya kurusha. Iko mezani, kabla.

MAKOSA AMBAYO MASHINE HUYAKAMATA

Wacha tuchukue mfano wa karibu. Hospitali ya Kenyatta hapa kwetu iko karibu na latitudo -1.301 na longitudo 36.807. Ile alama ya kutoa inasema tuko kusini mwa ikweta. Kijana mmoja aliisahau. Kituo chetu kikaruka mpaka Samburu, upande wa kaskazini wa Maralal, karibu kilomita 290 kutoka hapa! Mwingine akatanguliza longitudo badala ya latitudo. Tulipotazama ramani, tulikuwa baharini kati ya Hispania na Algeria. Tulicheka sana.

Kosa la tatu lilikuwa la kwetu wenyewe, watu wazima. Tulisoma kwenye karatasi kwamba Upper Hill iko digrii 1 na dakika 18 kusini, digrii 36 na dakika 48 mashariki. Tukaandika 1.18 na 36.48. Kumbe digrii moja ina dakika 60, si 100. Dakika 18 ni 0.30 ya digrii, na dakika 48 ni 0.80. Tulikuwa tumeipeleka droni Bonde la Ufa, upande wa Suswa.

Makosa haya ni makubwa, na ndiyo maana si ya hatari sana. Programu nyingi za kupanga safari hukataa kituo kilicho mbali mno, na hata mtu asiyesoma ramani huona kwamba mstari umeenda kombo.

MAKOSA AMBAYO MASHINE HAIYAKAMATI

La kwanza ni ramani ya zamani. Ramani nyingi za zamani za Idara ya Upimaji zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960. Setilaiti hutumia kipimo kingine, WGS84. Ukichukua namba kutoka ramani ya zamani na kuiingiza kwenye droni bila kuibadilisha, hapa Nairobi unakosea kwa kiasi cha mita 300. Kompyuta haitalalamika. Mita 300 ni kidogo ukiwa Suswa. Ukiwa Silanga au Lindi, mita 300 ni mamia ya familia.

La pili ni tarakimu. Karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111. Namba yenye tarakimu tatu baada ya nukta inakupeleka karibu na mahali kwa mita 111 hivi. Zikiwa nne, mita 11. Zikiwa tano, kama mita moja. Mtaro wetu una upana wa hatua mbili tu. Kwa hiyo anayesoma namba kwa simu asiseme "hizo za mwisho achana nazo." Hizo za mwisho ndizo mtaro.

La tatu ni urefu. Droni nyingi huhesabu urefu kutoka pale ziliporushwa. Ukiirusha bondeni kwa mita 40 na kuipeleka upande wa kilima, ardhi inaifuata juu, na zile mita 40 zinaweza kubaki 10, halafu kuna waya za stima. Na kati ya kituo na kituo droni hukata moja kwa moja. Haijui kuna jengo. Hapa Upper Hill tuna jumba la UAP Old Mutual lenye mita 163, na lile la Britam linalofika karibu mita 200. Sheria inairuhusu droni mita 120 tu kutoka ardhini. Maana yake, hata ukipanda mpaka mwisho wa ruhusa, majumba haya bado yanakutazama kutoka juu.

SHERIA NAYO INA MSTARI WAKE

Tunayo Kanuni za Ndege Zisizo na Rubani za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni lazima isajiliwe. Hata kuileta kutoka ng'ambo kunahitaji kibali, kwa hiyo mfadhili wetu asiifunge katikati ya nguo kwenye sanduku. Tena hairuhusiwi kuruka karibu na kiwanja cha ndege bila idhini: kilomita 7 au 10, kulingana na daraja la kiwanja. Sasa jiulizeni, Wilson iko umbali gani? Kutoka hapa haifiki kilomita 4, na Kibera nayo iko jirani yake. Kwa hiyo katika mpango wetu wote hakuna hata kituo kimoja kinachoweza kurukiwa bila ruhusa. Vijana walihuzunika kusikia hivyo. Lakini zile ndege za Wilson zina watu ndani, nao ni jirani zetu pia.

KOSA AMBALO NI JIRANI TU ANAWEZA KULIKAMATA

Sasa tunafika penye uzito. Jumamosi ya tatu mpango ulikuwa safi. Namba sawa, urefu sawa. Mistari ilikwenda na kurudi kama mtu anayelima shamba, kila picha ikiingia ndani ya mwenzake kwa sehemu kubwa ili baadaye ziunganishwe kuwa ramani moja. Tukamwita mama mmoja wa jumuiya anayeuza mboga kando ya mtaro, aangalie. Alitazama skrini kwa muda, akauliza, "Hii nyumba yangu mkishaipiga picha, nani mwingine ataiona?"

Hatukuwa na jibu.

Mama huyo hakuwa mshamba wa teknolojia. Alikuwa na kumbukumbu. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu walilala nje. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, nyumba nyingi kandokando ya mito ya Nairobi zilibomolewa, wenyewe wakiwa bado wanaomboleza. Mtu aliyepitia hayo akiona mstari mwekundu umepita juu ya paa lake, haoni mtaro. Anaona alama ya X ukutani.

Lakini tusiseme pia kwamba kutoonekana kwenye ramani ni usalama. Kabla ya mwaka 2009 Kibera ilikuwa kama pengo tupu katika ramani nyingi. Mwaka huo vijana wa hapo walianza mradi wa Map Kibera. Walitembea na vifaa vya GPS, wakaandika shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji. Ambaye hayuko kwenye ramani hahesabiwi wakati wa kugawa maji. Kwa hiyo swali si tuchorwe au tusichorwe. Swali ni nani anashika kalamu, na ramani ikiisha inalala nyumbani kwa nani.

Tuna jirani wa kujifunza kwao. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika, kama Tandale. Droni zilipiga picha, lakini watu walitembea pia mtaro kwa mtaro, kwa sababu picha ya juu haiwezi kukwambia maji ya mwaka jana yalifika dirishani au kitandani. Zanzibar, tangu 2016, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, walirusha droni nyepesi zinazotupwa kwa mkono, wakapima Unguja na Pemba kwa mistari ya vituo. Hao ni vijana wa kisiwa wakipima kisiwa chao. Na Rwanda, tangu Oktoba 2016, kampuni ya Zipline inapeleka damu hospitalini kwa droni zinazofuata njia zilizopangwa. Kule mtu aliye chini ya mstari anajua kwa nini ndege inapita: inabeba damu, na kesho inaweza kuwa yake.

TULIVYOUBADILISHA MPANGO

Tulirudi mezani na yule mama, na wazee wawili wa kijiji. Tukakubaliana hivi:

1. Kamera itazame chini tu, na mistari ifuate mtaro, isitapakae juu ya nyumba zote. Picha zitakuwa chache, lakini zinatosha kazi yetu.

2. Vijana wautembee mtaro wote kwa miguu kwanza, na kila kituo kihakikiwe na mkazi anayeishi hapo.

3. Droni irushwe kutoka uwanja wa wazi karibu na mtaro wenyewe, na anayeisimamia aione kwa macho muda wote. Tuliachana na wazo la kuirushia hapa kilimani ipite juu ya hospitali na Mbagathi Way.

4. Siku na saa itangazwe wiki nzima kabla, kanisani, msikitini na sokoni. Tukisikia kuna msiba, tunaahirisha.

5. Picha zitunzwe na kamati yenye wakazi wengi kuliko sisi wa ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuuliza habari zake zinatumikaje. Mfadhili atapata ripoti ya mitaro. Picha za nyumba hatapata.

6. Bila barua ya KCAA, droni inabaki kwenye sanduku lake. Wakati huo majembe hayahitaji kibali.

Kijana mmoja alinung'unika kwamba tumepoteza Jumamosi nyingine. Pengine ni kweli. Lakini yule mama sasa ndiye mweka hazina wa kamati, na ndiye aliyetuonyesha mtaro wa sita uliofunikwa kwa mabati, ambao hakuna droni ingeuona.

Bwana wetu alisimulia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ni lazima kwanza akae chini na kuhesabu (Luka 14:28). Sisi tunaoishi chini ya minara ya Upper Hill tunaufahamu mfano huo. Tunaongeza neno dogo tu: asikae peke yake. Droni itafuata kwa uaminifu kila namba tutakayoandika. Haitatusahihisha. Atakayetusahihisha ni jirani, kama amepewa kiti mezani.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni mipango gani iliyochorwa bila sisi kuitwa? Matokeo yake yalikuwa nini?

2. Kama mstari wa droni utapita juu ya nyumba yako, ungetaka kuuliza nini kabla ya kukubali?

3. Ni mtaro gani tunaoweza kuuzibua wiki hii bila kungoja ramani?