Sange wa Arabuko-Sokoke, Jirani Yetu Mwenye Kiuno cha Dhahabu

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mazingira na wanafunzi wa Gredi ya 4 na ya 5 katika Kaunti ya Kilifi. Tunayachapisha ili wazazi nao wayasome pamoja na watoto nyumbani.



Kitendawili! (Tega!) Ana mkonga lakini si ndovu, anaruka lakini si sungura, amevaa manjano lakini hajawahi kuingia dukani. Ni nani huyo?

Nimesikia wengine wakisema panya. La, si panya. Huyu ni sange mwenye kiuno cha dhahabu. Watalii hutoka mbali kuja kumtazama, ilhali sisi ndio majirani zake. Makao yake makuu ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa hapa Kilifi. Ukitembelea magofu ya Gede asubuhi na utulie kimya, unaweza kumsikia akichakura majani makavu.

Tumpime kidogo. Chukua rula yako ya sentimita 30. Mwili wa sange unakaribia urefu huo, na mkia wake nao ni mrefu karibu vivyo hivyo. Uzito wake ni kama pakiti ya maziwa ya nusu lita. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyoiva, miguu na masikio ni meusi, na nyuma ana kiraka cha manjano kinachong'aa. Mkia ni mweusi, ila sehemu ya karibu na ncha ni nyeupe.

Pua yake ni ndefu na huipinda huku na huku. Kwa pua hiyo hufukua majani akitafuta mende, buibui, tandu na nyungunyungu. Kuna ndege mdogo mwenye kichwa cha rangi ya machungwa ambaye humfuata nyuma ili adake wadudu wanaomponyoka sange.

Sasa sikilizeni ajabu nyingine. Wanasayansi wamechunguza ukoo wake, wakaona kwamba panya si ndugu yake. Jamaa zake ni ndovu, pimbi, muhanga, na hata nguva wa baharini!

Na kile kiraka cha manjano ni cha kazi gani? Ngozi ya hapo ni nene kuliko ya sehemu nyingine za mwili. Adui akimvamia, macho yake huvutwa na ile rangi, naye hushambulia nyuma badala ya kichwani. Sange hupata nafasi ya kutoroka, na mbio anazo.

Sange hukaa dume na jike, wawili wawili maisha yao yote, wakilinda eneo la kama ekari 4. Usiku hulala katika viota vya majani chini, wala hawalali katika kiota kimoja kila siku. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati. Kumbukeni hilo la mtoto mmoja, kwa sababu ndipo shida inapoanzia. Mnyama anayezaa mmoja mmoja hawezi kuziba pengo upesi wenzake wakiuawa.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Nje ya msitu huu, sange huyu hana mahali pengi pa kwenda. Miti ikikatwa, majani hayaanguki; majani yasipoanguka, hakuna wadudu wala kiota. Kisha kuna mitego. Mtu hutega kamba au waya akitaka paa, lakini waya haujui kuchagua, na sange hunaswa. Mbwa wanaoachwa kuzurura msituni nao humuua. Ndiyo maana leo amewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani.

Najua nyumbani kuni zinahitajika, na kitoweo pia. Simlaumu mzazi wa mtu. Lakini msitu uliosimama nao hulisha watu. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umewapa wakulima wa kandokando ya msitu kipato kwa kufuga vipepeo. Wengine hufuga nyuki. Vipepeo na nyuki hao huutegemea msitu, kama sange.

Sasa mikono kazini. Tumtengeneze sange wetu. Tafuta katoni kuukuu, gazeti, uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi, makumbi ya nazi, bizari ya manjano, makaa na chaki.

1. Chora mwili wa sange kwenye katoni, urefu wa rula, kisha ukate. Mkubwa akusaidie kushika mkasi au kisu.
2. Viringisha kipande cha gazeti kiwe pua ndefu, ukibandike mbele na kukipinda kidogo.
3. Chambua makumbi na uyabandike mwilini yawe manyoya. Acha sehemu ya nyuma wazi.
4. Koroga bizari kwa maji kidogo, upake hapo nyuma.
5. Paka miguu, masikio na mkia kwa makaa. Karibu na ncha ya mkia paka chaki.
6. Toboa tundu mgongoni, tia uzi.

Mwisho, andika kikaratasi, "Usitege msituni, nami naishi humo," umfunge nacho shingoni. Mtundike mlangoni kwenu. Mgeni akiuliza ni mnyama gani, mweleze yote uliyosikia leo. Muulize bibi au babu wanamwitaje sange kwa lugha yenu.

Ukiona mtego msituni, usiuguse. Kumbuka mahali ulipo, umwambie mwalimu, mzazi au chifu, nao watawaarifu askari wa wanyamapori.

Haya, kitendawili! Ana mkonga lakini si ndovu?