MLIO WA MOTOKAA KUUKUU NA GHARAMA YAKE

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya wanachama, Mazimbu, Morogoro)



Wengi wenu mmetuuliza habari za motokaa ya Chama: kwa nini ililala gereji majuma sita, na kwa nini michango ya miezi saba ilikwisha katika kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu. Halmashauri imeona si haki kuyajibu maswali hayo kwa mistari miwili katika hesabu ya mwaka. Basi twasimama mbele yenu kusema yote. Na kwa kuwa wengi wetu twamiliki, au twatazamia kununua kwa mkopo, motokaa zilizokwisha tumiwa na watu wengine, tutaeleza pia namna ya kuutafuta mlio wa namna ile, ili asije mtu akalipa kama tulivyolipa sisi.

Motokaa yenyewe mwaijua. Ni pikapu ya milango minne, ambayo huvuta kwa magurudumu ya nyuma siku zote, na kwa yote manne dereva atakapo. Ilitoka Ujapani kwa meli hata Dar es Salaam, nayo ilikuwa imekwisha fanya kazi huko miaka kumi na mitano. Hatukuinunua kwa fahari. Tuliinunua kwa ajili ya misiba na wagonjwa, maana wengi wa wanachama wa hapa Mazimbu wana wazee wao milimani Uluguru, huko Mgeta, Matombo na Kinole. Njia za huko hazihitaji maelezo kwenu. Mtu huondoka hapa bondeni, palipokuwa shamba la mkonge kabla ya wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini kujenga shule yao na kutukabidhi majengo mwaka 1992, na baada ya saa chache yumo katika ukungu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu.

Katika mwezi wa tatu tangu kuinunua, dereva aliandika katika daftari ya safari: "Inagonga nikianza kuondoka." Katibu akaandika pembeni: "Nimeona." Juma la pili dereva akaandika: "Bado inagonga, na nikirudi nyuma yagonga zaidi." Katibu akaandika: "Nimeona, ahsante." Mara ya tatu dereva hakuandika, alikuja mwenyewe. Mabwana na mabibi, sisi ni makarani, nasi twajua jinsi neno "Nimeona" linavyoweza kumpa raha aliyeliandika pasipo kutengeneza kitu chochote.

Ndipo tulipoipeleka kwa mafundi. Wa kwanza hakuingia chini ya motokaa. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, akasema ni giaboksi. Bei yake ikatuogofya, tukaenda kwa wa pili. Huyu alisema ni difu, tena akatuonyesha. Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akalizungusha kwa mkono mbele na nyuma, likacheza upana wa vidole viwili kabla ya kukamata. "Mwaona wenyewe," akasema. Tuliona kweli, tukaamini, tukalipa. Difu nyingine ikafungwa, nayo pia ilikuwa imekwisha tumika. Siku tuliyoichukua motokaa, dereva alitia gia, akaachia klachi, na sote tuliokuwa ndani tukausikia: ko! Mlio ule ule, mahali pale pale. Fundi akasema kwamba difu mpya haijazoea, tungoje. Nasi, kwa aibu ya fedha iliyokwisha toka, tukangoja.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo tungalilijua mapema, tungaliokoa fedha zile. Nguvu ya injini haifiki magurudumuni kwa kurukaruka. Yapita klachi, yaingia giaboksi, yashika ile shafti ndefu iendayo nyuma chini ya sakafu, yaingia difu, na difu yaigawa kwa ekseli za kulia na kushoto. Katika kila kiungo cha njia hiyo mna nafasi ndogo, kwa maana vyuma vikibanana kabisa haviwezi kuzunguka. Motokaa ikiwa mpya nafasi hizo hazisikiki. Ikizeeka, kila kiungo huongeza ulegevu wake kidogo. Waliosafiri kwa reli ya kati, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907, wajua garimoshi linavyoondoka stesheni: kichwa chavuta, na milio ya vyuma yaenda mbio kutoka behewa la kwanza hata la mwisho, ko-ko-ko-ko. Aliyeketi katika behewa la nyuma asikiapo mshtuko hawezi kusema ni kiungo gani kilicholegea, maana yeye amepokea ulegevu wa viungo vyote. Gurudumu ndilo behewa la nyuma. Upana ule wa vidole viwili alioonyesha fundi ulikuwa jumla ya mambo yote tangu giaboksi hata ekseli, naye akaiandikia difu peke yake. Kwa desturi ya ofisi zetu tungesema alisoma jumla asikague hesabu.

Twarudi kwenye habari. Mke wa mwanachama mwenzetu alikuwa kwa wazazi wake Nyandira, uchungu ukamshika kabla ya siku zake, naye muuguzi wa huko akashauri ateremshwe upesi hospitali ya mkoa. Motokaa ilipanda usiku, ikateremka alfajiri. Katika mteremko dereva alitumia gia ya chini, kama ipasavyo, injini ikaizuia motokaa. Walipokwisha maliza milima na kupita Mlali, palipo tambarare, kilisikika kishindo chini ya sakafu, kisha mburuto wa chuma. Krosi ya nyuma ilikuwa imevunjika, na shafti imeanguka kwa upande wa nyuma ikipigapiga chini. Dereva akasimama. Mama akapandishwa katika lori la kabichi lililokuwa likifuata kutoka mlimani, akafika hospitali, akajifungua jioni yake, naye na mtoto ni wazima. Dereva aliifungua shafti iliyovunjika, akaitia motokaa katika gia ya magurudumu yote, akarudi nayo polepole kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake.

Hatutaki kuwatia hofu, lakini twapaswa kusema kilichotuepuka. Ingalivunjika nusu saa kabla, juu ya mteremko, injini isingalizuia tena magurudumu ya nyuma, na mzigo wote ungaliwaangukia breki zilizokwisha pata moto. Na ingalivunjika krosi ya mbele ya shafti badala ya ile ya nyuma, ncha ya shafti ingaliweza kuchoma ardhi na kuiinua motokaa kama mwanamichezo arukaye kwa ufito. Kwa wenye Land Rover za zamani liko neno la zaidi: katika nyingi za hizo breki ya mkono haikamati magurudumu, bali hukamata shafti pale itokapo giaboksi. Shafti ya nyuma ikikatika, msiitumainie tena breki ile.

Krosi ni kitu kidogo. Ni chuma cha umbo la msalaba, kila ncha imevikwa kikombe chenye beringi nyembamba kama sindano, nacho huwezesha shafti kuzunguka huku ikipinda, maana ekseli hupanda na kushuka njiani. Mwingereza Robert Hooke alikitumia kiungo cha namna hii katika karne ya 17, hata leo vitabu vingi vyakiita kwa jina lake. Kina tabia moja ya ajabu: kikipindishwa, upande wa pili hauzunguki sawasawa, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa sababu hiyo huwekwa viwili, kimoja kila mwisho wa shafti, vikiwa vimelingana, ili cha pili kifute kosa la cha kwanza. Fundi akiifungua shafti asitie alama, kisha akairudisha vibaya, motokaa itatetemeka mwili mzima, na mwenyewe atarudi kulipa kwa ugonjwa mwingine.

Mzee aliyetutengenezea hatimaye hapa mjini aliingia chini kabla ya kusema neno. Alitokea na kidole chekundu. Ulikuwa unga wa kutu, uliotoka katika kikombe cha krosi ya mbele, iliyokuwa bado haijavunjika lakini ikielekea huko. Akatuuliza: "Hamkuusikia mlio mwembamba, kama wa ndege, motokaa ikienda mwendo wa mtu?" Dereva akajibu kwamba aliusikia miezi mingi iliyopita. Huo ndio ulikuwa barua ya kwanza. Krosi hulia wii-wii grisi ikikauka. Ko-ko huja baadaye, sindano zikiisha kusagika. Krosi mbili mpya pamoja na ujira wake hazikufika sehemu ya kumi ya fedha tuliyoilipia difu.

Sasa, mtu ausikiapo mlio, aanze wapi? Asianze gerejini. Aanze kwa kuandika, kazi ambayo sisi twaiweza kuliko mafundi. Aandike mlio hutokea wakati gani. Je, ni akiondoka, akibadili kutoka mbele kwenda rivasi, akikanyaga mafuta na kuyaachia? Hapo ni ulegevu wa njia ya nguvu, kama wetu. Je, ni akipita shimo tu? Basi apite shimo lile lile tena, polepole, amekanyaga klachi. Kama mlio upo vile vile, nguvu ya injini haimo katika neno hilo, atafute katika springi na bushi. Je, ni akifunga breki? Atazame breki kwanza. Na kama ni motokaa ndogo, ivutayo kwa magurudumu ya mbele, nayo yalia ta-ta-ta akikata kona huku akikanyaga mafuta, basi ni kile kiungo cha ekseli kilicho karibu na gurudumu. Aghalabu mpira wake umepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Hizo hazina shafti ndefu chini, msikubali kuuziwa krosi yake.

Liko kosa moja ambalo halihitaji fundi. Mwenye pikapu kama yetu akitoka matopeni na kusahau kuondoa gia ya magurudumu yote, kisha akakata kona juu ya lami kavu, vyuma hujisokota, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja. Atasikia vishindo, na ajapo kuiondoa gia itagoma kwanza. Hiyo si krosi. Ni kusahau.

Baada ya kuandika ndipo achungulie. Motokaa isimame mahali tambarare, injini imezimwa, ufunguo mfukoni mwa yule aingiaye chini wala si kwa mwingine, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Akamate shafti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kile chuma kilicho upande wa pili wa krosi, azungushe huku na huko. Upande mmoja ukicheza kabla ya mwenziwe kusogea, krosi imekwisha. Pande zote zikienda pamoja, krosi ni nzima, na mchezo uko mbele zaidi au nyuma zaidi. Hivyo ndivyo difu yetu ya kwanza ingalivyoachiliwa huru. Meno ya difu yana haki ya kucheza kidogo, na nafasi yake hupimwa kwa sehemu za milimita, si kwa vidole.

Shafti nyingi zina pia mahali pa kuteleza, chuma ndani ya chuma, ili irefuke na kufupika. Pakikauka, motokaa hugonga mara moja baada ya kusimama na mara moja ikianza kwenda, na dawa yake pengine ni grisi tu. Kadhalika mipira inayoshika injini: mtu mmoja aketi, breki zote zimefungwa, mwingine asimame kando, asisimame mbele, atazame injini wakati klachi inapoachiwa kidogo. Ikiinuka kama mtu aliyeitwa jina lake, mpira umekatika.

Kwa wanaokwenda kununua: iendesheni mbele na nyuma mara kumi, redio imezimwa, hata muuzaji achukie. Ombeni oili ya difu ifunguliwe. Wako wauzaji ambao hutia unga wa mbao ndani kunyamazisha meno, na mkono ukiipapasa oili ile hutambua mara moja.

Halmashauri yakiri kosa lake la "Nimeona." Tangu mwezi huu daftari ya dereva ina safu ya tatu, yenye kichwa "Lililotendwa", na Mweka Hazina hatalipa mafuta ya juma lifuatalo kama safu hiyo ni tupu. Difu ya zamani, ambayo ni nzima, ingali ghalani, nayo itauzwa kwa mwanachama atakayetoa bei nzuri. Maombi yaletwe kwa Katibu kwa maandishi. Motokaa iko nje chini ya mwembe, mawe yamewekwa. Krosi iliyovunjika iko juu ya meza hii. Baada ya chai dereva atawapokea watatu watatu, awaonyeshe mahali pa kushika, na ufunguo tumekwisha mkabidhi.