Nani Anamwandikia Mtu wa Kyuso? Wachambuzi wa Akili Unde na Maamuzi ya Mitambo

Mada kwa semina ya walimu, watangazaji wa redio, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi, Kyuso, Kaunti ya Kitui



Mwezi wa Aprili 2022 jarida la Marekani, MIT Technology Review, lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu mradi wa Worldcoin, uliokuwa ukizunguka nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, ukipiga picha mboni za macho ya watu na kuwaahidi sarafu ya kidijitali. Waandishi walieleza kwamba wengi waliojiandikisha hawakuambiwa vya kutosha data yao inakwenda wapi. Ulipita mwaka na zaidi. Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya kwa maelfu walipiga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wakatoa macho yao kwa sarafu zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, watu zaidi ya 350,000 wakiwa wamekwisha kusajiliwa. Shirika la Katiba Institute lilikwenda mahakamani, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku 7.

Onyo, basi, lilikuwapo mapema, na liliandikwa kwa bidii. Waliopiga foleni hawakuwa watu ambao mwandishi wa habari za teknolojia huwawazia anapoketi kuandika. Dai langu leo ni hili. Uchambuzi wa akili unde na sera zake tunao tele, ila umeelekezwa kwa wanaotunga sheria na wanaouza mitambo; yule ambaye mtambo unamwamulia mambo yake ameachwa nje ya mazungumzo. Kyuso imo katika kundi hilo, na kutoka humo kunawezekana kwa nguvu zetu wenyewe.

Wanaoandika

Katika miaka ya karibuni yamezuka majarida mengi yanayotumwa kwa barua pepe kila wiki kueleza akili unde. Mengine ni ya wasomi, kama lile la Arvind Narayanan na Sayash Kapoor wa Chuo Kikuu cha Princeton, lililoanza mwaka 2022 kwa jina la AI Snake Oil, linalotenganisha mtambo unaofanya kazi kweli na ule unaouzwa kwa maneno matupu. Mengine huandikwa na watu wanaolipwa na kampuni zenyewe. Ukisoma maandishi ya aina hii, uliza kwanza mwandishi anakula wapi, kisha ndipo uulize anasema nini.

Mijadala yao huzunguka Ulaya na Marekani: Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, au amri ya Rais Biden ya Oktoba 2023 ambayo Rais Trump aliifuta siku aliyorejea madarakani, Januari 2025. Kenya nayo imo mezani. Iliunga mkono Azimio la Bletchley kuhusu usalama wa akili unde, kule Uingereza, mwezi Novemba 2023. Tumewakilishwa, lakini waliotuwakilisha hawajarudi kutusimulia.

Nyumbani wamo watu hodari. Nanjala Nyabola alitoa mwaka 2018 kitabu chake, Digital Democracy, Analogue Politics, kuhusu intaneti na siasa za Kenya, na baadaye akaongoza kazi ya kuzipatia haki za kidijitali istilahi za Kiswahili. Odanga Madung alichunguza video 130 za TikTok kuelekea uchaguzi wa Agosti 2022, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4, akaanika uchochezi na uongo uliokuwamo. Wakili Mercy Mutemi amesimama mahakamani pamoja na vijana waliokuwa wakichuja maudhui ya kutisha jijini Nairobi kwa ajili ya kampuni za ng'ambo. Jarida la Time lilifichua Januari 2023 kwamba katika kazi ya namna hiyo, ya kuisaidia akili unde ya OpenAI itambue maandishi machafu, baadhi ya wafanyakazi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Nyabola, Madung na Mutemi nawaheshimu sana; bila wao mengi yangepita kimya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mjadala wanaoushiriki ni Kiingereza cha mawakili, na unakomea Nairobi. Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030 ulizinduliwa tarehe 27 Machi 2025. Ulizeni leo hapo sokoni ni nani aliyewahi kuusikia ukisomwa.

Paa la mabati

Mfano ulio karibu nasi zaidi wa mtambo unaomwamulia mtu ni bima ya afya. Tangu mamlaka mpya ya bima hiyo, SHA, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara hupangiwa mchango wake kwa kuulizwa maswali kuhusu kaya: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani. Majibu huingizwa katika kanuni ya hesabu iliyokwisha kupangwa, nayo hukadiria mapato. Mchango ni asilimia 2.75 ya makadirio hayo, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wahudumu wa afya ya jamii mlioko hapa mnayajua maswali haya kuliko mtu yeyote, maana wengi wenu mmewasaidia majirani kuyajibu.

Wachambuzi wa mjini wanapouliza kama hesabu hiyo ni ya haki, wanauliza jambo la maana. Lakini liko swali ambalo mtu wa Kyuso angelianza nalo, nalo ni la mabati. Huku familia hujinyima kwa miaka mpaka iezeke mabati, kwa kuwa paa la nyasi halikingi maji ya kunywa. Mabati, mlizamu na tangi huokoa safari za punda kwenda mtoni wakati wa kiangazi. Aliyeezeka mabati amejipatia maji. Mfukoni huenda ana kidogo kuliko jirani yake. Je, kanuni inalisoma paa hilo kama utajiri? Na mifugo je? Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi hii. Kaya iliyokuwa na ng'ombe mwanzoni mwa kipindi hicho ilibaki na nini mwishoni? Na ikiwa orodha ya mali iliandikwa mwaka wa neema, nani huirekebisha mwaka wa njaa?

Chukueni pia mikopo ya simu. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza ikafuata mwaka 2019, na limiti ya mtu hutegemea jinsi anavyotumia laini yake na M-Pesa. Mkulima wa ndengu hupata fedha kwa mkupuo baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi Ukambani. Baada ya hapo simu yake hunyamaza miezi mingi. Ndani ya mtambo ukimya huo unasomwaje: kama uzembe, kama umaskini, au kama kiangazi?

Kuuliza hivi ndiko kuchambua sera. Hakuhitaji shahada ya kompyuta. Kunahitaji mtu anayejua kaya za hapa zinavyoishi, na ukumbi huu umejaa watu hao.

Sheria iko upande wetu

Wala hatutauliza kwa kubembeleza. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa kila mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mtambo peke yake. Imo misamaha, kwa mfano pale mhusika aliporidhia au sheria nyingine iliporuhusu. Hata hivyo, anayemwamulia mtu kwa njia hiyo anatakiwa amjulishe kwa maandishi, na mhusika anaweza kudai uamuzi ufikiriwe upya, au utolewe mwingine ambao haukuachiwa mtambo pekee. Ningependa kila mwalimu wa Kidato cha Nne awasomee wanafunzi wake kifungu hicho.

Meno nayo yapo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, iliipiga kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000, kwa kuwatumia watu vitisho kupitia namba za simu ilizozipata kwa watu wengine. Kesi ile ilianza kwa malalamiko ya wananchi wa kawaida.

Jarida letu

Napendekeza tuwe na jarida letu: kurasa mbili kila mwezi, Kiswahili upande mmoja na Kikamba upande wa pili. Lichapwe saiba, libandikwe ofisi ya chifu, zahanati na sokoni, lisomwe barazani na katika mikutano ya vikundi. Watangazaji wa redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM waombwe dakika chache za kulisoma hewani, maana redio humfikia hata mwenye simu ndogo ya mulika mwizi. Kila toleo lichukue uamuzi mmoja uliofanywa na mtambo juu ya kaya ya hapa, jina likifichwa, lieleze sheria inayouhusu, na libebe barua iliyokwisha kuandikwa ambayo msomaji anaweza kuinakili na kutia sahihi. Gharama ya karatasi ibebwe kwa mwethya, ule ushirikiano wetu wa kusaidiana. Fedha za kampuni na za mwanasiasa zisiguse jarida hili hata senti moja. Tukizipokea, tutakuwa tumemnyima msomaji jibu la swali lile la mwandishi anakula wapi.

Jarida lisiwe la kutisha watu. Iko programu ya simu inayoitwa Nuru, ya PlantVillage, inayotambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi vya mahindi kwa kupiga picha jani, hata pasipo mtandao. Maafisa wa ugani waijaribu shambani mwa hapa, na wakiona inafaa, jarida liisifu kwa sauti ileile litakayotumia kukosoa.

Mwenyekiti, naomba tusitawanyike kabla ya kuteua wahariri watatu, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya ya jamii, na kuandika barua yetu ya kwanza kwa SHA tukiuliza paa la mabati linahesabiwaje katika kanuni yao. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, kuanzia siku barua inapopokelewa.